Bastola Marekani: Kabla Hujaibeba, Jua Umesimama Jimbo Gani

Saa kumi alfajiri simu ililia. Sauti ya WhatsApp kutoka Dallas, Texas, mtoto wa dada yangu, dereva wa trela kule: "Mjomba, shikamoo. Nimenunua cha moto." Kule ilikuwa saa mbili usiku, ameshiba, ana furaha. Nikamrudishia maswali mawili kabla sijapiga mswaki. Umenunua kwa makaratasi gani? Na mzigo wa kesho unaupeleka wapi?

La kwanza alijibu vizuri: ana grini kadi, yaani kadi ya ukaaji wa kudumu, aliipata kwa ile bahati nasibu ya viza, na duka lilimjazisha fomu. La pili akajibu, "New Jersey. Kwani vipi?" Hapo usingizi ukaisha kabisa.

Mimi nilianza kama taniboi njia ya Mombasa, Malaba, Kampala, nikapanda nikawa dereva, kisha nikaendesha trela Marekani miaka 11. Sasa niko Tororo, nauza spea. Si wakili. Lakini vijana wa huku wanaokwenda Texas, Massachusetts na kwingineko wananiuliza habari za bunduki kila wiki, na kila mmoja anauliza vibaya: "Mzee, Marekani wanaruhusu?" Nimechoka kurudia kwa simu, naandika.

Swali hilo tumelizoea kwa sababu ya hapa kwetu. Uganda ni nchi moja, sheria moja. Sheria ya Silaha za Moto ni ya 1970, anayetoa vyeti ni Mkuu wa Polisi, na kila bunduki ina cheti chake. Baada ya mbunge Abiriga kuuawa mwaka 2018, rais aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama kama mtu anavyochukuliwa alama za vidole. Raia wa kawaida ukimwona na bastola kiunoni Tororo hapa, unajiuliza ana ukubwa gani serikalini. Cheti cha Kampala hakibadiliki maana ukifika Gulu.

Marekani sivyo. Kuna sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, ambayo ni sakafu, halafu majimbo 50, kila moja limejenga nyumba yake juu ya sakafu hiyo. Kinachoitwa haki Texas kinaitwa jela hatua chache mbele. Dereva wa njia yetu ataelewa upesi: kila mpaka wa jimbo ni Malaba, ila hakuna kizuizi, hakuna forodha, hakuna mtu wa kukuambia umevuka. Kuna kibao cha karibu tu, chenye picha ya ua, na wewe uko mwendo wa maili 65 unakunywa kahawa.

Anza na makaratasi yako, si na bunduki

Kabla hujafungua sheria ya jimbo lolote, angalia wewe ni nani mbele ya shirikisho. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kumiliki. Aliyeko kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, au aliyekuja kutembelea harusi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika; kuna misamaha michache, kama mwenye leseni halali ya kuwinda. Aliyepitisha muda wa viza, hapana kabisa. Aliyeomba hifadhi na kesi yake haijaisha asisikilize mtu wa kijiweni, mimi nikiwemo. Aende kwa wakili wa uhamiaji kwanza.

Halafu kuna waliokatazwa hata kama ni raia: aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa, aliyehukumiwa kwa kumpiga mke au mpenzi hata kama kosa lilihesabiwa dogo, anayetumia dawa za kulevya. Hili la mwisho linawanasa vijana. Bangi inauzwa dukani katika majimbo kadhaa, na taa za rangi na risiti. Lakini fomu ya 4473, ile unayojaza dukani kabla ya kununua bunduki, inakuonya waziwazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho. Ukiandika uongo kwenye fomu hiyo, umeshafanya kosa kubwa kabla bunduki haijatoka kwenye kabati.

Fomu hiyo pia inauliza kama wewe ndiye mnunuzi wa kweli. Binamu yako wa viza ya masomo akikupa hela umnunulie, mwambie hapana, na usione aibu. Udugu huo una kifungo cha hadi miaka 15 tangu mwaka 2022.

Na sasa jambo ambalo hakuna muuza bunduki atakayekuambia, maana halimhusu. Mmarekani akipatikana na hatia ya kubeba bunduki kinyume cha sheria, anatumikia adhabu, anarudi kwake. Wewe wa grini kadi unaweza kuitumikia, halafu ukapandishwa ndege ya Entebbe. Sheria ya uhamiaji inahesabu hatia ya bunduki kuwa sababu ya kumfukuza mtu nchini, hata awe ameishi kule miaka 20 na ana watoto raia. Kosa lile lile, bei mbili. Ndiyo maana sisi tunatakiwa kuisoma sheria kwa makini kuliko wenyeji, na mara nyingi tunafanya kinyume: tunaangalia wenyeji wanavyofanya, tunafuata.

Kumiliki na kubeba ni vitu viwili

Watu wanavichanganya. Kumiliki ni kuwa nayo nyumbani. Kubeba ni kutoka nayo mlangoni. Majimbo mengi yako tulivu kwenye la kwanza na makali kwenye la pili.

Kwenye kumiliki, sheria ya shirikisho imeweka umri wa 21 kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni, 18 kwa bunduki ndefu. Duka linapeleka jina lako kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi, mara nyingi jibu linarudi ungali umesimama. Juu ya hapo majimbo yanaongeza. Illinois unahitaji kadi ya mwenye bunduki hata kabla ya kununua risasi. California unangoja siku 10 baada ya kulipa. Massachusetts leseni inatoka kwa mkuu wa polisi wa mji unaokaa, na bunduki nyumbani lazima ifungwe kwa kufuli pale ambapo huishiki wewe. Nasema Massachusetts kwa sababu Waltham imejaa watu wetu. Ukienda msibani pale utadhani uko Mukono. Kubeba bila leseni katika jimbo hilo, kifungo cha chini kabisa ni miezi 18.

Kwenye kubeba, fungu la kwanza ni majimbo yasiyodai kibali. Kufikia 2024 yalikuwa 29. Vermont haijawahi kudai. Texas iliacha kudai tarehe 1 Septemba 2021, kwa mwenye miaka 21 na kuendelea ambaye hajakatazwa. Fungu la pili yanadai kibali lakini ukitimiza masharti wanakupa. Zamani lilikuwepo fungu la tatu, New York na wenzake, ambako ulitakiwa kueleza kwa nini wewe hasa unahitaji kuliko jirani yako. Mahakama ya Juu ya Marekani ililivunja sharti hilo Juni 2022. Vijana wakasikia habari wakashangilia kwamba sasa New York ni kama Texas. Jamani! New York ilijibu mwaka huo huo kwa kudai saa 16 za darasa na saa 2 za kulenga shabaha, na kuorodhesha mahali ambapo hata mwenye kibali haingii na bunduki: treni za chini ya ardhi, Times Square, na pengine pengi. Haki walikupa, milango wakaifunga mmoja mmoja.

Ushauri wangu: hata kama jimbo lako halidai kibali, chukua. Mimi nililipa dola 140 Texas na mwaka 2017 wakashusha hadi 40, roho iliniuma. Ni darasa la siku moja na risasi 50 za mtihani. Sababu ya kwanza ni kwamba majimbo mengine yanatambua kibali, hayatambui maneno "kwetu hawadai". Sababu ya pili ni shule. Sheria ya shirikisho inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka shule, kama mita 300, na inamsamehe mwenye leseni ya jimbo lile lile ilipo shule. Asiye na leseni, bunduki inatakiwa isiwe na risasi na iwe imefungwa kwa kufuli. Sasa niambie, mji gani utaupita usikaribie shule kwa mita 300?

Mlangoni

Hata ndani ya jimbo lako, soma mlango. Texas wana vibao vya kukataza bunduki, vyenye namba. 30.06 ni kwa mwenye leseni anayeificha, 30.07 ni kwa anayeibeba wazi, 30.05 inawahusu wasio na leseni. Vimeandikwa Kiingereza na Kihispania, herufi za urefu wa inchi moja, huwezi kusema hukuona. Baa wanabandika 51% kwa rangi nyekundu, maana yake zaidi ya nusu ya mapato yao ni pombe, na hapo na bastola usiingie kabisa. Illinois ni kibao kidogo cheupe, picha ya bastola imekatwa kwa mstari mwekundu. Posta na majengo ya shirikisho, acha. Posta hata uwanja wake wa kuegesha magari umo.

Kampuni nayo ina sheria yake. Ya mwisho niliyoifanyia kazi ilikataza bunduki ndani ya gari lake. Hiyo si jela, ni kufukuzwa kazi, lakini mkopo wa nyumba hauulizi tofauti.

Maili 12

Novemba 2017 nilibeba matairi kutoka Dallas kwenda Newark, New Jersey. Kibali changu cha Texas kiko kwenye pochi, bastola iko chini ya godoro nyuma ya kiti, ina risasi kumi. Nilikuwa nimeuliza kwenye simu, nikaambiwa Arkansas wanakitambua, Tennessee wanakitambua, Virginia na Pennsylvania pia. Nikaridhika. Ya New Jersey nikasema nitaangalia nikikaribia. Ujinga wa dereva, unaujua: daraja utalivuka ukilifikia.

Carlisle, Pennsylvania, ni mahali magari makubwa yanalala kwa mamia. Nilikuwa naongea na nyumbani kwa Kiswahili, mzee mmoja akageuka. Wa Mombasa, Mji wa Kale, anaendesha kutoka Columbus, Ohio. Tukanunua chai, tukakaa. Akaniuliza kwa upole, kama daktari.

"Una chombo?"

"Ninacho."

"Kiko wapi?"

"Chini ya godoro."

"Kina risasi?"

"Kumi."

"Umekuja na barabara gani?"

"81, moja kwa moja."

Akaweka kikombe chini. "Basi Maryland umeipita ukiwa mhalifu, mwanangu. Dakika kumi na moja."

Nilikuwa nimeisahau Maryland. Barabara ya 81 inapita Virginia, inakata kipande cha West Virginia, inaingia Maryland kwa maili 12 tu pale Hagerstown, inatokea Pennsylvania. Maili 12! Maryland haitambui kibali cha jimbo lingine lolote. Taa moja ya nyuma ingezimika katika maili hizo, nisingekuwa nauza spea Tororo kwa hiari yangu, ningekuwa nimeletwa.

"Na New Jersey?" nikamuuliza.

Akanisimulia habari iliyokuwa kwenye magazeti yao: mama mmoja wa Philadelphia, mwaka 2013, kibali chake cha Pennsylvania halali kabisa, alisimamishwa New Jersey kwa kosa la barabarani. Kwa unyoofu akamwambia polisi anayo bastola. Alikamatwa, akawa anakabiliwa na miaka kadhaa jela, na ilibidi gavana ampe msamaha mwaka 2015.

Hapo ndipo nilipojifunza sheria ya kupita, ya shirikisho, ya mwaka 1986. Inasema hivi: ukitoka mahali unaporuhusiwa kuwa nayo na kubeba, ukienda mahali unaporuhusiwa vilevile, unaweza kupita katikati ya jimbo lisiloruhusu, mradi bunduki haina risasi, na bunduki na risasi zote haziko mahali unapoweza kuzifikia ukiwa umekaa. Gari likiwa halina buti lililotengwa na dereva, zikae kwenye kasha lenye kufuli. Kidroo cha mbele hakihesabiki, na kile kisanduku kati ya viti pia hapana.

Angalia ncha mbili za sentensi hiyo. Wengi wanasikia "unaweza kupita" wanaacha kusoma. Mimi mwisho wangu ulikuwa Newark. New Jersey sikuruhusiwa kubeba, kwa hiyo sikuwa mpita njia, nilikuwa mfikaji, na ile sheria isingenikinga hata ningeifunga kwa minyororo. Vilevile anayelala siku mbili kwa shangazi katika jimbo la katikati ajue polisi watamwona amefika.

Nilipiga simu kwa msimamizi wa safari, nikasema ukweli. Alikasirika. Akatafuta dereva mwingine tubadilishane trela pale pale Carlisle, nikapoteza malipo ya maili kama 170. Kurudi, risasi nilizitoa zote nikazihesabu mara mbili, bastola nikaiweka ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, kasha ndani ya boksi la nje la upande wa kulia, risasi boksi la kushoto pamoja na minyororo ya theluji. Maili 12 za Hagerstown nilizipita nikiwa naangalia kioo kila sekunde, kama mwizi, ingawa safari hiyo nilikuwa halali.

Ukurasa wangu

Tangu siku hiyo nilikuwa na daftari la karatasi. Kabla ya kila safari naandika tarehe juu, kwa sababu sheria ya mwaka jana si ya mwaka huu. Halafu barabara, na majimbo yote kwa mpangilio, hata ya maili 12. Ukurasa mmoja ninao hapa mezani, kila jimbo kwa herufi mbili, kuanzia Texas hadi Pennsylvania:

TX ndiyo. AR ndiyo. TN ndiyo. VA ndiyo. WV ndiyo. MD HAPANA, funga kabla ya daraja la Potomac. PA ndiyo.

Kila "ndiyo" ina majibu ya maswali matatu nyuma yake. Je, jimbo hili linatambua kibali changu, au halidai kibali kwa mtu asiye mkazi? Ndani ya gari inatakiwa ikae vipi? Polisi akinisimamisha, lazima nitangulie kusema? Michigan lazima useme mara moja. Texas unaonyesha leseni ya bunduki pamoja na kitambulisho ukiombwa. Majibu hayo nayachukua kwa polisi wa jimbo au kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kwenye tovuti zao, si kwa muuza bunduki na si kwa video. Ramani za watu binafsi zinasaidia kuanza, lakini mimi sijawahi kuandika "ndiyo" kwa ramani peke yake.

Kuhusu polisi, neno moja kwa waliotoka njia yetu. Hapa trafiki akikupungia unashuka na faili lako, unamsalimia, mnaongea. Kule usishuke! Mikono juu ya usukani, taa ya ndani iwashe ikiwa usiku, ngoja. Bunduki ikiwepo, mwambie iko wapi kwa mdomo, mkono usiende kuonyesha.

Na Laredo, mpakani mwa Texas na Mexico, ukipewa mzigo unaovuka, safisha gari kama la bibi harusi. Upande wa pili hata risasi moja iliyosahaulika chini ya zulia inaweza kukulaza ndani.

Swali la lini unaweza kufyatua sikuligusa kwa makusudi. Majimbo mengine yanakutaka ukimbie kwanza kama kuna njia, mengine hayakutaki hivyo, na huko ni darasani na kwa wakili, si kwa mzee wa spea.

Mpwa wangu nilimwelekeza asubuhi ile ile. Bastola aliiacha Dallas, imefungwa, akaenda New Jersey mikono mitupu na akarudi. Jana kaniuliza tena: akija nyumbani Krismasi, anaweza kuja nayo? Nikamwambia, kibali cha Texas kinaishia Texas na marafiki zake, na Entebbe si rafiki yake. Mimi yangu niliirudisha kwa muuzaji mwenye leseni wiki mbili kabla ya kupanda ndege, akaandika namba ya bunduki, tarehe na jina langu. Hela niliyopewa ilikuwa ndogo. Risiti ninayo hadi leo, kwenye kopo moja na daftari.